Houston ya Maurice

Walimleta amelala chali juu ya machela, kiatu kimoja kimemtoka, shati la ulinzi limemganda mwilini kana kwamba limetolewa kwenye beseni muda huo huo. Ilikuwa Julai ya mwaka 2013, mchana, wakati ambapo hewa ya Doha haivutwi bali inamezwa. Mfilipino niliyekuwa naye zamu alikata vifungo kwa mkasi, mimi nikatafuta mshipa. Niliupata, nikafungulia dripu, nikabandika plasta, ndipo nikainua macho kumwuliza jina lake, kama tulivyofundishwa, ili kujua kama akili bado ipo.

"Maurice," alisema akiwa amefumba macho.

Kisha akayafumbua, akaniona. Na mtu yule, aliyekuwa karibu kuzimia kwa joto, akaunyanyua mkono uliokuwa na dripu, akaufunika nao mfuko wa shati, pale ilipokuwa nembo ya kampuni ya walinzi.

Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeketi naye sebule moja. Alikuwa amekunja nne kwenye sofa la Ndirangu, kule Muaither, ndani ya suti ya kijivu iliyomkaa vizuri, akitueleza kwa nini kijana wa riwaya tuliyokuwa tukisoma alishindwa. Kosa la kijana yule, alisema, halikuwa kutaka makuu. Kosa lake lilikuwa kuonyesha kwamba anataka. Hannah alicheka, akairudia sentensi hiyo njia nzima tukirudi nyumbani, kama mtu anayemung'unya peremende asitake iishe.

Hannah alikuwa mwenzangu wa nyumba, na yeye na Maurice walikuwa wakichumbiana. Tulipanga vyumba viwili Al Mansoura, juu ya fundi cherehani Mmalayali, Mhindi wa kusini, ambaye mashine zake zilitunong'oneza mchana kutwa. Mimi nilikuwa nesi katika kitengo cha dharura. Yeye alifanya kazi katika chuo kimoja cha Kimarekani, akiwasaidia wanafunzi kunyoosha insha zao, akingojea siku ambayo chuo hicho hicho kingemfungulia mlango wa shahada ya juu. Alikulia Nakuru, kwenye kibanda cha watumishi nyuma ya jumba ambalo mama yake alilipiga deki. Kutoka dirisha la kibanda hicho aliweza kuona, ndani ya nyumba kubwa, ngazi za mbao zinazopanda na kupotea. Hakuruhusiwa kamwe kuzikanyaga. Aliniambia hivyo mara moja tu, bila uchungu, kama mtu anayeeleza alikolipata kovu. Lakini kila nyumba tuliyoingia pale Doha, jicho lake lilitafuta ngazi kwanza.

Ndiyo maana, nadhani, riwaya alizotuchagulia zilikuwa za namna moja. Zote zilitoka Amerika, na katika kila moja alikuwepo mtu aliyezaliwa chini, amesimama gizani, anatazama dirisha linalowaka juu. Wakati mwingine alikuwa kijana wa shambani, wakati mwingine msichana wa kiwandani. Walitaka viatu, walitaka jina, walitaka kukaribishwa mezani, na kabla ya ukurasa wa mwisho kitu hicho walichokitaka kilikuwa kimewala. Tulizisoma kwa zamu, nakala mbili tatu zikipita mikononi mwetu, na kila Ijumaa baada ya ibada tulikutana kwa Ndirangu kuzijadili.

Kwa Ndirangu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi. Alikuwa mtu wa kompyuta katika benki, na kipande chake cha villa, ingawa mwenye nyumba alikuwa ameigawa villa hiyo kama mkate, kilikuwa na sebule ya kweli na ngazi za ndani. Hannah aliketi kwenye ngazi ya chini kila mara, kitabu mapajani. Tulikuwa Wakenya wa namna fulani: manesi, wahasibu, watu wa ofisi. Hakuna aliyetamka sharti hilo. Walinzi na madereva na akina dada wa kazi za nyumbani tulikaa nao kanisani kule Mesaimeer, tukaimba nao, tukapeana nao amani, kisha tukatokea mlango mmoja na kwenda pande mbili. Ndirangu alikuwa na hadithi nyingi za kuchekesha kuhusu masoja, kama alivyowaita walinzi, jinsi wanavyojaza basi wakinuka jua, jinsi wanavyopiga picha wakiegemea magari ya watu na kuzituma nyumbani. Maurice alizicheka. Nakumbuka alizicheka kidogo kuliko sisi, na nilidhani ni adabu.

Alikaa wodini majuma mawili. Joto lilikuwa limefichua tu kilichokuwepo. Shinikizo la damu ambalo hakuna aliyewahi kulipima lilikuwa limezila figo zake taratibu, na siku hiyo getini, amesimama kwenye jua nje ya jengo lililokuwa likijengwa, zilikata tamaa. Sikuwa nesi wa wodi ile, lakini kila nilipomaliza zamu nilipita kitandani kwake, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine.

Siku ya kwanza aliyoweza kuzungumza bila kupumzika, aliniambia, "Sister Gakii, Hannah asijue."

Nilimjibu kwamba habari ya mgonjwa haivuki mlango wa hospitali, kwamba hiyo ni sheria ya kazi yangu na nikiivunja nanyang'anywa leseni na kurudishwa nyumbani. Nilisema ili atulie. Sikuwa nimefikiri kwamba nilikuwa nikijifunga kamba mwenyewe.

Baada ya hapo alinisimulia. Alikuwa ametoka Awasi, karibu na Kisumu, akaja Doha kwa wakala, na kazi yake ya kwanza ilikuwa geti kule Ras Laffan, penye mitambo ya gesi. Ijumaa moja, nje ya kanisa, msichana mwenye sauti nyororo alimwuliza anafanya kazi wapi. Alijibu ukweli: Ras Laffan. Msichana akauliza, injinia? Yeye akatabasamu tu, kwa aibu, akitafuta namna ya kusema hapana ambayo isingemfanya aondoke. Wakati anaitafuta, Hannah alikuwa tayari amegeuka kumtambulisha kwa wengine.

"Kumi na kitu walinigeukia," alisema. "Ndirangu akanipisha kiti. Sister, tangu nifike nchi hii hakuna mtu alikuwa amenipisha kiti."

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi. Alikaa kwenye kambi ya wafanyakazi, eneo la viwandani, chumba cha vitanda vya kupandana. Kila Ijumaa alitoka kambini kwa nguo za kawaida, suti ndani ya mfuko wa nailoni, akabadilisha chooni kwenye kituo cha mafuta, na kuchukua teksi kwa kipande cha mwisho tu cha njia, ili aonekane akishuka. Riwaya alizisoma getini. Hakuwa msomaji mzuri kutushinda. Mara nyingi alikosea kabisa maana ya kitabu. Aliamini kwamba wale vijana wote wangefaulu kama wangekuwa waangalifu zaidi, kama wangezungumza kidogo, kama wangezitunza suti zao.

Mandubu wa kampuni, mtu wao wa kuzungushia makaratasi, alikuja na bahasha. Mlinzi ambaye lazima asafishwe damu kwa mashine kila baada ya siku chache hakuwa mlinzi tena. Kampuni ingemkatia tiketi. Hakuna aliyemfokea, hakuna aliyemsukuma. Mandubu alimpa hata pole, kwa Kiarabu, akamshika bega. Ndivyo lilivyofanyika, kwa upole kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kushika ili kupinga.

Na Maurice akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alimpigia Hannah simu na kumwambia kwamba kampuni inampeleka kufanya kazi Houston, Amerika.

Ndirangu alimfanyia karamu ya kuagana. Maurice alikuwa amekonda sana, lakini wenzangu walimwona kama mtu aliyekonda kwa mawazo ya safari. Ndirangu alikata keki, akasema kwa sauti ya kweli kabisa, kwa maana hakuwa mtu mbaya, kwamba hatimaye mmoja wetu amevuka. Nilisimama jikoni nikiosha bilauri zilizokuwa safi tayari. Nilimwona Maurice akimwongoza Hannah kwenye zile ngazi, wakakaa pamoja ngazi ya chini, na kumwambia jambo la muda mrefu. Usiku huo Hannah alinieleza: alikuwa amemwomba wafunge ndoa, na akamwahidi kutafuta nyumba huko mapema, nyumba yenye ngazi zake.

Nilimwambia hongera. Ni neno gani lingine lililokuwepo?

Tangu hapo Ijumaa zikawa na sura mpya. Asubuhi simu yangu ililia, na ilikuwa Maurice wa Awasi. Alinisomea vipimo vyake, akaniuliza kama miguu kuvimba hivi ni kawaida, kama anaweza kula ndizi, kama ile dawa ya chokaa inamezwa kabla ya chakula au baadaye. Alikuwa akisafishwa damu Kisumu. Siku za mashine alitoka kwao alfajiri na kurudi jioni amelegea, dada yake Akinyi akimshika mkono. Alasiri ikawa zamu ya Hannah, na aliyepiga ni Maurice wa Houston. Alitumia Skaipu, isiyoonyesha namba, na kamera ya simu yake, alisema, ilikuwa imeharibika. Hannah alikaa kitandani kwake, mgongo ukutani, mlango wazi. Hakuwa na cha kunificha.

Kuta zetu zilikuwa nyembamba, nami nilisikia yote. Alimweleza barabara zenye njia nyingi kiasi kwamba gari linaonekana kusimama. Alimweleza jirani mzee anayepunga mkono akimwagilia nyasi, duka ambalo maziwa yanauzwa kwenye mitungi mikubwa kama ya mafuta taa, taa za kijani ng'ambo ya maji. Baadhi ya vitu hivyo nilivitambua. Vilitoka kwenye vitabu vyetu, vimepanguswa na kupangwa upya. Hannah, aliyevijua vitabu hivyo kuliko sisi sote, alifumba macho na kutabasamu, na sikuwahi kujua kama hakuvitambua au kama ndiyo sababu alitabasamu.

Nilimwomba Maurice amwambie ukweli. Nilimwomba kwa upole, halafu kwa hasira, halafu nikachoka. Kila mara alikubaliana nami. Kila mara alisema Ijumaa ijayo. Siku moja, nilipomkaripia kama ninavyomkaripia mdogo wangu, nilisikia kwanza kuku na redio ya jirani yake.

"Wiki nzima mimi ni mgonjwa," alisema. "Hata mama ananiita mgonjwa. Hiyo Ijumaa ndiyo siku yangu ya kuvaa."

Ningefanya nini na maneno kama hayo? Nilikuwa na kinywa, lakini kinywa changu kilikuwa mali ya hospitali. Zaidi ya hayo, na hili nilishindwa kumweleza mtu yeyote, mimi pia nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa manesi wa Amerika. Vitabu vyake vilirundikana chini ya kitanda changu. Ilikuwa nchi ileile, na kila mmoja wetu alikuwa akiielekea kwa njia aliyoipata.

Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua ambayo Doha huwa ni upepo wa vumbi tu, profesa mmoja alimchagua Hannah aende kwenye mafunzo ya kiangazi katika chuo mama, kule Texas. Aliingia na habari hiyo jikoni akiwa amevaa viatu bado, akanishika mabega na kunizungusha mpaka sufuria ikaungua. Kutoka chuoni hadi Houston, alisema, ni mwendo mfupi wa basi. Alikuwa ameangalia.

Alianza kununua. Alinunua sanduku gumu la rangi ya divai, gauni la kitani, viatu ambavyo hakuthubutu kutembea navyo nje. Kwa ajili ya Maurice alikwenda Souq Waqif, akanusa vichupa vya udi vyote vya duka moja mpaka muuzaji akamletea chai. Nyumbani Nakuru mama yake, ambaye sasa magoti yalikuwa yamemgomea kupiga deki, alisimama kanisani na kutangaza kwamba mtoto wake anakwenda kwa bwana yake Amerika. Kila siku Hannah alileta kitu kingine na kukilaza kitandani nione. Nilivisifu. Vilikuwa vizuri kweli.

Nilimpigia Maurice. Kwa mara ya kwanza sikumkaripia. Nilimwambia tu tarehe ya safari. Aliahidi kumwambia Hannah ukweli. Ijumaa iliyofuata nilikaa chumbani kwangu na mikono mapajani, nikasubiri kusikia kilio upande wa pili wa ukuta. Nilichosikia ni Hannah akiuliza, mbona sasa, na mpaka lini. Baadaye alinijia amenyong'onyea kidogo. Kampuni inampeleka Maurice Alaska, kaskazini kabisa, kwenye kisima kipya cha mafuta, kiangazi chote. Bahati mbaya tu. Lakini yeye, Hannah, amemwambia atakwenda Houston hata hivyo, akaione nyumba kwa nje, na amemwomba anwani. Maurice alikuwa amempa.

Nilimsindikiza uwanja mpya wa ndege, uliokuwa bado unanukia rangi. Tulisimama pale ambapo asiyesafiri hapiti. Nilikuwa nimejiambia ndani ya teksi kwamba nitasema, leseni iende, kazi iende, nitasema. Alinikumbatia. Alinukia udi, kwa sababu alikuwa amejaribu kidogo kile kichupa. Nilifungua mdomo, nikamwambia asisahau kunywa maji ya kutosha ndani ya ndege.

Alinipigia kutoka Houston Jumamosi moja. Kwangu ilikuwa jioni, nilikuwa nakunja sare.

"Nimefika kwa nyumba," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Iko, Gakii. Namba ni ile ile, mti uko mbele vile alisema. Kuna mama amenifungulia, mama wa Kimeksiko, amekaa hapa miaka mingi. Hajawahi kusikia Maurice."

Nilisikia gari likipita upande wake.

"Aliniona nimesimama tu, akanionea huruma, akaniambia nichungulie. Ziko ngazi. Za mbao."

Baadaye nilielewa kwamba Maurice alikuwa ameitafuta nyumba hiyo kwenye mtandao, picha kwa picha, mpaka akapata iliyomfaa Hannah, na akahamia ndani yake kwa maneno. Wakati ule sikuelewa chochote. Nilishika sare yangu kifuani.

"Uko?" Hannah aliuliza.

"Niko."

"Hujauliza kwa nini huyo mama hamjui."

Kisha akakata simu.

Aliporudi Doha, hakulizungumzia jambo hilo siku za mwanzo. Alifungua sanduku, akanigawia zawadi, akarudi kazini. Ijumaa simu yake ililia, ikalia, akaiacha juu ya meza, na mimi nilikaa nikiitazama ikitetemeka kama mdudu aliyepinduka. Ijumaa iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Maurice aliniuliza kama Hannah amerudi salama. Nilimwambia amerudi salama. Aliuliza kama amekasirika. Nilimwambia anywe maji kidogo tu, kama daktari alivyosema.

Kisha jioni moja alinikuta jikoni nikikata sukuma. Akavuta kiti, akakaa.

"Wewe huwezi kunificha kitu mwaka mzima," alisema. "Nakujua. Isipokuwa kiwe ni kitu cha hospitali."

Niliendelea kukata.

"Anaumwa nini?"

"Siruhusiwi, Hannah."

"Atapona?"

Nilipaswa kusema tena kwamba siruhusiwi. Hayo ndiyo maneno niliyoyaandaa. Lakini kisu kilikuwa kimesimama, na nilikitazama kikiwa kimesimama, na yeye pia alikitazama. Kisha akainuka, akanichukulia ubao, akamalizia kukata mboga yeye mwenyewe, vipande vikubwa vibaya, machozi yakidondoka juu ya majani.

Ndirangu alipata habari kwa njia yake, kutoka kwa mlinzi mmoja aliyewahi kulala chumba kimoja na Maurice. Alikuja kwetu akiwa amejawa na ghadhabu ya mtu aliyeibiwa. Alisema yule mtu alikuwa soja tu, soja wa geti, alikula chakula chetu na kutucheka. Hannah alimwacha amalize. Akamwambia kwamba anajua, kwamba walinzi tunaosali nao walimweleza hata alivyorudishwa Awasi, na kwamba hakumbuki Maurice akimcheka mtu, anakumbuka tu akiwacheka masoja, pamoja nasi. Ndirangu akakaa. Ghadhabu ilimtoka taratibu, ikamwacha mtu wa makamo mwenye shati la bei, asiyejua aweke mikono wapi.

"Angesema tu," alisema hatimaye. "Tungemkaribisha."

Sisi watatu tuliyasikiliza maneno hayo mpaka yakaisha chumbani. Hatukukutana tena kusoma.

Hannah aliomba ruhusa ya kwenda Kenya. Ofisi ilimwambia kwamba likizo yake ilimalizikia Texas, na bila sahihi ya mwajiri hakuna aliyetoka nchini miaka ile. Aliomba mara ya pili, kwa barua ya daktari niliyojua kwamba haitasaidia, na haikusaidia. Basi alibaki na kitu kimoja alichoweza kukifanya au kutokifanya. Alilizungusha jambo hilo mbele yangu kwa siku kadhaa. Angeweza kumwambia kwamba anajua. Ingekuwa haki yake, na labda ingempa moyo wake pumziko. Lakini akishamwambia, aliniuliza, Maurice atabaki na nini Ijumaa?

Ijumaa iliyofuata alipokea simu.

Maurice alizikwa Awasi mwezi wa Novemba, mvua zikinyesha. Akinyi alinitumia picha: jeneza jeusi linalong'aa, suti ya kijivu. Hannah aliacha kazi mwaka mmoja baadaye na kurudi Nakuru, ambako anafundisha kidato cha tatu na nne, na nasikia anawafundisha vizuri sana. Mimi nilifaulu ule mtihani. Ninaishi Minnesota, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi, na huwa siwaelezi watu wa nyumbani mengi kuhusu huku. Wakiniuliza, nasema ni baridi.

Lakini ninayorudia kuiona ni Ijumaa moja ya Oktoba, kabla ya yote kwisha. Hannah aliniita chumbani kwake, akanionyesha kwa kidole nikae. Alikuwa ameifungulia simu sauti. Maurice alikuwa Alaska. Kiangazi kilikuwa kimepita, lakini kazi ya kisima, alisema, ilikuwa imeongezwa. Alikuwa akieleza theluji, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona wakati ule, na aliieleza vibaya, kama unga unaochekechwa. Mimi sikuisikiliza theluji. Nilisikiliza pumzi. Alisema maneno matatu, akavuta. Maneno mawili, akavuta. Mwishoni mwa kila pumzi palikuwa na sauti ndogo ya kutokota ambayo nesi yeyote anaijua, ya maji yanayopanda mahali ambapo hayatakiwi kuwa. Alikuwa ameruka zamu ya mashine, pengine zaidi ya moja. Nilijua kinachohitajika, nilijua hata kipimo cha dawa, na palikuwa na bahari kati ya mikono yangu na kifua chake.

Hannah alinitazama usoni. Alisoma kilichokuwepo. Akameza mate, na aliposema sauti yake ilitoka ya kawaida, ya mke anayeagana na mume mlangoni.

"Huko nje ni baridi sana?"

"Sana." Akavuta pumzi. "Lakini tumezoea."

"Uko na koti?"

"Niko nalo." Tulimsubiri. "Zito. La manyoya."

"Basi livae. Lifunge vizuri."

Chini yetu cherehani zilikuwa zikifuatana.

"Nimefunga," alisema Maurice.

"Haya," Hannah akasema, na akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo wake. "Niambie tena vile inaanguka. Polepole. Mimi sina haraka."